Shimo la Betri

Habari hii nimeiandika mara mbili kwenye daftari na mara mbili nikaichana. Mara ya kwanza nilijieleza kama mtu mbaya kuliko nilivyokuwa, mara ya pili kama mtu mwema kuliko nilivyokuwa. Hii ni ya tatu. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, basi aliyesoma zaidi anivumilie pale nitakapopinda.

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukiyeyusha betri. Wavuvi wa dagaa hapa Kigoma huvua kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, baadaye zikaja taa za betri. Betri ikichoka haitupwi, maana ndani yake mna madini ya risasi, na nyavu zinataka vizito vya kuzizamisha. Siku za mbalamwezi ziwa zima huwa linang'aa, dagaa hawazifuati taa, basi mitumbwi inapumzika na wavuvi wanashona nyavu. Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa inapamba moto. Mume wangu alizipasua betri kwa shoka. Mimi nilimwaga yale maji makali pembeni, nikatoa sahani za ndani, nikaziweka kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, zikiyeyuka namimina kwenye kalibu za mchanga mbichi. Sitaki mtu adhani ilikuwa kazi ya mume nami nikitazama. Tena nilikuwa hodari kuliko yeye. Vizito vyangu havikuwa na matundu, na wavuvi waliviulizia.

Makapi tulikuwa tunatupa shimoni. Shimo alilichimba mume wangu upande wa chini wa kiwanja, kina chake kinapita kimo cha mtu. Lilipojaa tulilifukia, tukalikanyaga, basi.

Kiwanja chenyewe hakikuwa chetu, kilikuwa eneo la wazi la mtaa, juu kidogo ya mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inapoegeshwa. Kona ya juu palikuwa na kibanda cha kuchajia betri, cha mtu mwingine. Sisi tulikuwa chini. Baada ya miaka michache majani yalikufa yote, pakabaki udongo mtupu, mgumu, kama uwanja uliofagiliwa. Na hapa niseme jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa haraka. Kwetu sehemu isiyoota jani ni sehemu safi. Wanawake wa dagaa, vichanja vyao vikijaa, walikuwa wanakuja kuanika pale. Walipasifia. Walisema hapa hata mchwa hakuna. Mimi nilikuwa nawasogezea sufuria yangu pembeni ili wapate nafasi, nikijiona mtu mkarimu.

Je, nilijua? Kwamba maji ya betri yanaunguza nilijua, vitenge vyangu vyote vilikuwa na matobo. Kwamba risasi inakaa udongoni miaka na miaka, na inaingia mwilini mwa mtu, hilo sikulijua. Lakini pia sikuuliza, na asiyeuliza mara nyingi ana sababu yake.

Mume wangu alipofariki niliacha ile kazi, nikaingia kwenye uchuuzi wa dagaa. Ndipo siku moja kwenye semina ya wachuuzi nikamsikia mwalimu wa afya akisema risasi inadumaza akili za watoto na inaharibu mimba. Nilishika kalamu lakini sikuandika kitu. Mwanangu wa pekee nilimlea mgongoni huku namimina, na amekuwa mtu mzima mwenye akili zake. Nilijifariji kwa hilo siku nyingi, mpaka nikaona kwamba mtoto mmoja aliyepona si ushahidi wa kitu chochote.

Basi ukaja mpango wa zahanati.

Mtaa wetu hauna zahanati. Kupanda mpaka hospitali mjini ni bajaji au pikipiki, na barabara ile mvua ikinyesha mnaijua. Jirani yangu anaijua kuliko wengi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wazazi wake walitoka Burundi wakahamia hapa kabla hajazaliwa, na ananiita mama ingawa sikumzaa. Mtoto wake wa tatu alimzalia kwenye bajaji, katikati ya kilima, mimi nikiwa nimemshika mabega. Yule mtoto hakuishi. Tangu siku ile, kila kikao cha mtaa jirani yangu alikuwa anasimama na neno lake ni moja: zahanati iwe karibu, na iwe na chumba cha kuzalia.

Shida ilikuwa ardhi. Kwetu ni mlima, kila palipo tambarare pana nyumba. Kilichobaki ni kile kiwanja. Mwenyekiti wa mtaa akatueleza kwamba kuna mradi wa kusafisha maeneo yaliyochafuliwa na kuyajengea huduma za jamii, na kwamba mtaalamu wa mazingira atakuja kupima udongo. Wakikuta uchafu wa kawaida, watakwangua, wataleta udongo safi, watajenga. Wakikuta pabaya mno, watakwenda mtaa mwingine, kwa sababu mitaa inayoomba ni mingi. Alisema hivyo mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, nimechaguliwa upande wa wanawake, na nilisimama nikasema kiwanja ni kizuri, hakina hata kazi ya kufyeka. Watu walicheka wakapiga makofi.

Mtaalamu alikuja na chombo cha kutobolea ardhi na vikopo vyake. Kijana mpole, anatoa shikamoo kwa kila mtu mzima. Alituambia wazi kwamba vikopo alivyonavyo havitoshi kupima kiwanja chote, kwa hiyo anategemea wenyeji wamwonyeshe. Mwenyekiti akanisukuma mbele, akasema huyu mama alifanya kazi hapa.

"Mama, makapi ya betri mlikuwa mnayatupa wapi?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono kwenye kona ya juu, penye mwarobaini, jirani na kile kibanda.

"Pale tu?"

"Pale ndipo watu walikuwa wanatupa."

Sikusema uongo. Ni kweli pale watu walikuwa wanatupa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilitafuta jibu la kweli la kumdanganyia. Akatoboa pale, akatoboa mbele ya kibanda, akatoboa katikati, na huku chini akatoboa sehemu moja tu, ambayo haikuangukia shimo. Nilikuwa nahesabu hatua kwa macho. Zilibaki kama hatua nne.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Upande mmoja niliogopa zahanati itaondoka, na nilimfikiria jirani yangu, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito tena. Upande mwingine niliona aibu. Niliona aibu kusema mbele ya wale wanawake kwamba pale mlipokuwa mnaanika chakula cha watu, chini yake nilizika sumu. Ningependa kuandika kwamba sababu ya kwanza ndiyo kubwa. Sina mizani ya kupimia.

Majibu yalirudi. Udongo wa juu wa ile kona ulikuwa mchafu, ukakwanguliwa, ukabebwa na lori. Kwingine walisema pako salama kujengwa. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Fundi akaanza na upande wa chini, kwenye chumba cha kuzalia, Jumatano. Jumamosi ikapigwa mbiu ya msaragambo, kila nyumba itoe mtu. Vijana walichimba msingi, wanawake tukatoa udongo kwa makarai. Nilipofika nikaona mstari wa kamba unapita juu ya shimo letu kabisa. Udongo uliokuwa unatoka haukuwa mwekundu kama udongo wetu, ulikuwa wa kijivu. Sululu ya kijana mmoja ikaibua kipande cheusi cha ganda la betri. Akakiinua akasema jamani nimepata jino la mamba wa Malagarasi, wenzake wakacheka, akakitupa. Nami nilicheka. Nilijiambia udongo utazolewa, utafunikwa kwa zege, yataisha.

Jirani yangu hakuruhusiwa kubeba kitu, tumbo lilikuwa la miezi sita. Alikaa juu ya lundo la udongo anatutania. Nikapita na karai, nikamwona anatafuna.

"Unakula nini?"

"Udongo, mama. Huu mtamu, una ugwadu kama ukwaju."

Mwenye kuzaa anajua. Mwanamke akiwa na mimba, harufu ya udongo mbichi inamvuta kama njaa. Sokoni wanauuza umechomwa, kwenye visahani, na hakuna anayeshangaa. Mimi mwenyewe niliula. Katika mahesabu yangu yote, ya zege, ya lori, ya hatua nne, hilo halikuwahi kunijia.

Nilimpiga mkononi. Kile kibonge kikaruka, na alichokuwa nacho mdomoni nikamwambia ateme. Watu waligeuka. Mwanamke mmoja akasema mjumbe wetu leo amepandwa na mashetani ya ujenzi, na wote wakaangua kicheko. Jirani akaniuliza kuna nini, nikamjibu udongo huo una minyoo. Akacheka naye, akasema minyoo gani inakaa chini kote huko, basi amekwisha kuimeza, kwani nyumbani ana kopo zima alilochota siku ile ile ya Jumatano.

Niliweka karai chini. Sikumbuki niliaga vipi. Nilimwambia twende kwake, nina neno naye.

Kwake alinipa kigoda. Nikamwomba lile kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limebaki nusu, na udongo ameukausha vizuri vipande vipande. Akanitazama, akaniuliza kumbe na mimi nina mimba, kwa umri huu, nitawashangaza watu. Tulikuwa bado tunacheka wakati nilipoanza kusema.

"Udongo huu umetoka kwenye shimo letu. Mimi na mume wangu tulizika makapi ya betri pale. Una sumu."

Akalifunika lile kopo.

"Uliniambia minyoo."

"Nilikuambia minyoo."

"Na yule mtaalamu ulimwambia nini?"

"Nilimwonyesha kule juu."

Akainuka, akachukua kikombe, akaenda mlangoni akasukutua na kutema, akasukutua tena na kutema, mara nyingi, mpaka maji ya kikombe yakaisha. Kisha akakiosha kile kikombe. Nikaanza kumweleza kwamba niliogopa zahanati isihamishwe, kwamba nilimfikiria yeye na ile siku ya bajaji. Aliniacha nimalize.

"Oya, mama," akasema. Oya kwao ni hapana. "Ungeniuliza. Ungeniuliza mimi kama nataka zahanati ya namna hiyo."

Akaniambia niende kwa mwenyekiti wakati ule ule, wakiwa bado wanachimba, nisingoje Jumatatu.

Mwenyekiti nilimkuta anagawa uji wa wachimbaji. Nikamvuta kando. Alinisikiliza, kisha akatazama kamba za msingi kwa muda mrefu. Akaniuliza kama shimo lenyewe ni kubwa, au labda ni dogo tu, makarai mawili matatu. Namtendea haki: hakuniambia ninyamaze. Alinifungulia mlango tu, na mlango ule niliutamani. Nikamwambia linapita kimo cha mtu. Akavua kofia akajipangusa uso, akawaambia vijana watoke msingini na wanawake wakanawe mikono, kisha akapiga simu.

Ujenzi ulisimama. Mtaalamu alirudi na wenzake wamevaa glavu na barakoa. Hakunigombeza. Alinipa vijiti vyenye vitambaa vyekundu, akaniomba nichomeke kuzunguka shimo lote, na safari hii nilichomeka mpaka kwenye ukingo ambao sikuwa na hakika nao. Tulipomaliza akasema, "Vipimo vyangu vilikuwa vichache, mama. Nilikutegemea wewe." Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Ilikuja mashine, wakachimba wakatoa kila kitu, wakakitia kwenye mapipa yenye vifuniko na kuyapeleka mbali. Pakajazwa udongo mwekundu wa mlimani. Ramani ikabadilishwa, jengo likahamishiwa upande wa juu na ile sehemu ya chini ikasakafiwa. Yote hayo yalichukua masika nzima na zaidi. Nilijiuzulu kwenye kamati kabla hawajaniondoa, na sina hakika kama ule ulikuwa uungwana au woga. Vijana walinipachika jina, mama betri. Wanawake walioanika dagaa pale hawakunisema usoni, ila mmoja alinifuata akaniuliza kama zile dagaa walizokula wanawe zilikuwa na sumu. Nilimwambia sijui. Aliondoka bila kuaga.

Katika ile miezi ya kusubiri, wanawake wawili wa mtaa wetu walijifungulia njiani. Wamepona, watoto nao wamepona. Lakini kama ningesema kweli siku ya kwanza, shimo lingetolewa mapema, na labda jengo lingekuwa tayari. Au labda mradi ungekwenda mtaa mwingine, wasipate zahanati kabisa. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili yanawezekana.

Jirani yangu alipelekwa hospitali akatolewa damu, ikasafirishwa kupimwa. Jibu lilikuwa kwamba risasi imo, si kiasi cha kuogofya, lakini imo. Alielezwa ale vizuri na aache udongo. Kuacha kulimtesa, nilimwona siku za mvua anakaa ndani amefunga dirisha. Karibu na siku zake akaenda kukaa kwa dada yake mjini, akajifungua salama, msichana. Mtoto ni mdogo, ila analia kwa nguvu. Kama udogo wake umetokana na lile kopo hakuna anayeweza kuniambia. Wakubwa zake nao walizaliwa wadogo. Muuguzi amesema mtoto atafuatiliwa mpaka aanze shule.

Zahanati imefunguliwa. Ina chumba cha kuzalia chenye dirisha linalotazama ziwa. Siku ya kliniki akina mama wanajaa benchi mpaka nje. Mimi presha yangu naenda kupimiwa pale pale, na kila ninapovuka ile sakafu ya chini nahisi kama kila mtu ananitazama, ingawa najua wengi wanatazama foleni.

Nilikwenda kwa jirani yangu kumwomba msamaha. Alinikaribisha, akasema yamepita. Baada ya wiki nikaenda tena, akasema vilevile. Mara ya tatu nilimkuta anaosha vyombo, mtoto amelala kwenye mkeka. Nikaanza maneno yangu. Hakuacha kusugua sufuria.

"Umeniomba msamaha mara tatu," akasema. "Kila ukija naacha kazi yangu nakufariji. Nimechoka kukufariji, mama. Wanaoyeyusha wapo bado kule mwaloni. Nenda kawaambie wao."

Nilikwenda mitumbwi ilipopumzika. Kweli wapo, nyuma ya maturubai ya nyavu, mioto mitatu, na ule moshi mzito niliuonja kooni kabla sijawafikia. Wengine wananifahamu, wawili niliwafundisha mimi kazi. Nilisema yote, la shimo, la kopo, la mtoto. Nilisema vibaya, kwa kurudiarudia. Mzee mmoja wa nyavu akaniuliza vizito atavitoa wapi basi, au nyavu zielee kama bata. Mwanamke aliyekuwa anamimina, ambaye niliwahi kumwachia kalibu zangu, alinijibu bila kuinua macho.

"Nyumba yako umeijenga kwa moto huu huu. Leo umeshiba unatuzimia?"

Alikuwa na haki. Nilimwambia ana haki. Sikuwa na kazi nyingine ya kumpa, wala vizito vingine vya kumpa yule mzee. Nilitaka kuondoka. Kisha nikaona ana mtoto mgongoni, wa miezi minane au tisa hivi, kichwa kimelala upande ambao moshi ulikuwa unapitia.

Nikamwomba anipe mtoto amalize kumimina. Alinitazama, akatazama sufuria. Risasi ilikuwa tayari sufuriani, haiwezi kungoja. Akainama, akafungua mbeleko, nikampokea. Nikaenda naye mbali, mpaka kwenye mawe ya majini, upande upepo unakotoka, nikakaa. Mtoto alinilia kidogo kwa kuwa hanijui, kisha akashika kidole changu. Nilikaa naye pale mpaka mama yake aliponiita.